Kikohozi cha Yosefina

Jibu lilikuja upesi mno. Aurelia alilisikia hilo jioni ile, lakini hakulitilia maanani, maana mtu aliyekaa mbugani miezi miwili hachunguzi majibu, anayapokea tu na kushukuru.

Ilikuwa Juni ya mwaka 1956, mpunga ukiiva, na watu wengi wa Ifakara wenye mashamba ng'ambo ya mto walikuwa wamehamia huko kuamia ndege wasile mpunga. Mumewe, Kelestini, alikuwa Kilosa kwenye mkataba wa mkonge. Aurelia alibaki na binti yao wa miaka sita, Serafina, kibanda kimoja, dungu moja la kukaa juu na kupiga debe, na jirani mmoja tu wa kusikika. Huyo ni Yosefina, mjane asiye na mtoto, aliyelima upande wa pili wa mfereji. Kwa matete yaliyosimama katikati yao hawakuonana, walisikiana tu. Aurelia alikuwa mtu wa maneno mengi, na kumweka mtu kama huyo mahali kama pale ni kumlisha mboga isiyo na chumvi.

Desturi ya mbuga ni kuitana jioni, ndege wakishaenda kulala. Mmoja huuliza, "Mko salama?" na mwenzake hujibu, "Salama, na nyie?" Asiyeitikia hufuatwa, kwa kuwa huenda ameumwa na nyoka au amezidiwa na homa, na hakuna mwingine wa kujua. Yosefina alikuwa akikohoa kwanza ndipo aseme. Moshi wa kubanikia samaki ulikuwa umemkaa kifuani, na Aurelia alizoea kumtania kwamba kikohozi chake kinafukuza ndege kuliko debe.

Jioni ile hakukohoa. Wala ya pili. Ya tatu sauti ilianza kuuliza habari, Kelestini atarudi lini, mtoto amekula nini, na Aurelia akafurahi sana, kwa sababu Yosefina wa siku zote alikuwa mchache wa maneno. Walizungumza mpaka giza likaingia. Jioni ya nne sauti iliomba kitu.

"Mama Serafina, kesho niazime mtoto anisaidie kuamia."

Majirani wa mbugani huazimana watoto kama wanavyoazimana kinu. "Mchukue tu, dada," Aurelia akajibu. "Huyu ni wako pia."

Upepo ukaleta harufu ya mpunga uliooza majini. Akashangaa kidogo, kwani mpunga wote ulikuwa umesimama, mzima.

Asubuhi Serafina hakuamka. Hakuwa na homa. Macho yalikuwa nusu wazi, midomo mikavu, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuka na kushuka, ukipunga hewani kama wa mtu anayefukuza ndege. Aurelia aliushika, ukamponyoka. Aliliita jina lake mpaka koo likakauka, kisha akambeba mgongoni akakimbilia mtoni kwa Ildefonce, mvuvi aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi, amfikishe hospitali.

Walianza kuvuka, na kila kasia lilivyowasogeza mbali na shamba ndivyo pumzi ya mtoto ilivyopungua, hata katikati ya mto Aurelia akawa ameweka sikio kwenye kifua kile kidogo na kuhesabu, moja, kisha kimya kirefu, moja, kisha kimya kirefu zaidi, na mkono ule haujaacha kupunga, mpaka Ildefonce, bila kuulizwa, akageuza mtumbwi. Kurudi, pumzi nayo ikarudi.

Ildefonce akauliza jioni anazungumza na nani. Na Yosefina, Aurelia akasema, na nani mwingine. Mvuvi akalaza kasia magotini.

"Yosefina nimemvusha mwenyewe siku nne zilizopita, alfajiri. Ameitwa Kiberege kumwuguza dada yake. Aliniachia ujumbe nikwambie, nami nikasahau. Lile dungu ni tupu, mama."

Yeye hakuwa mganga, ila mama yake alikuwa, na alikuwa amemsikia akisema juu ya jini la mbuga linalochoka kukaa peke yake. Akaeleza kwa sauti ndogo, akitazama matete.

"Mtoto umemtoa kwa mdomo, utamrudisha kwa kunyamaza. Kata mpunga wako wote. Mpaka suke la mwisho, usimwitikie mtu yeyote anayeita, hata umjue. Ukiitikia mara moja tu, mtoto hana kurudi. Mimi nitamzuia Yosefina hapa kivukoni, asije akakuita."

Basi Aurelia akakata mpunga peke yake, uliokomaa na mbichi, siku sita, na kila jioni sauti iliita. Iliita kwa sauti ya Yosefina, kisha ya Kelestini, kisha ya mama yake aliyekwisha kufa, ikimwuliza mbona amewasusa, nao wako peke yao kama yeye. Aliuma kanga. Hakujua kwamba kunyamaza kunaweza kuuma hivyo. Aliogopa, ndiyo, lakini kilichomliza ni kwamba alitamani kujibu.

Jioni ya saba kilibaki kipande cha ukubwa wa mkeka. Jua lilikuwa limegusa matete aliposikia kikohozi.

"Mama Serafina, mko salama?"

Kisu kikasimama hewani. Jini halikuwa limekohoa hata siku moja.

"Mbona kimya? Nimerudi leo, nimepitia kivuko cha chini. Unaumwa? Ngoja, nakuja."

Kivuko cha chini, ambako Ildefonce hakuwapo. Na kuja maana yake ni kupita mfereji, na mfereji jioni una mamba, Yosefina alilijua hilo kama kila mtu, lakini jirani asiyeitikia hufuatwa. Aurelia alifungua mdomo, akatazama kibandani, akauona mkono mdogo bado unapunga, akaufunga, akaanza kukata, akakata suke na majani na vidole vyake mwenyewe, huku kikohozi kikisogea, huku matete yakivunjika upande wa pili, akikata na kulia bila sauti, vishada vinne, vitatu, kimoja, suke la mwisho likang'oka na mizizi yake mkononi.

"Dada, usivuke. Tuko salama."

Maji yalikwisha kupiga kishindo kimoja. Hakuna aliyeitikia.

Kibandani mkono ulikuwa umetulia kifuani. "Mama," Serafina akasema, "mkono unaniuma. Ndege walikuwa wengi."

Asubuhi Ildefonce aliutoa mwili kwenye matete, na kando yake kikapu cha ndizi mbivu, za mtoto bila shaka. Walimzika adhuhuri pembeni ya shamba lake, watu watano tu. Aurelia hakuweza kumweleza mtu yeyote, wala mtu hakumwuliza. Alifunga mizigo ili kesho yake wavuke kwenda nyumbani, akampikia mwanawe uji.

Jua lilipogusa matete, kutoka dungu lile tupu, mtu alikohoa.

"Mama Serafina, mko salama?"

Serafina akainua uso kutoka kwenye bakuli, akitabasamu, na Aurelia akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.