Paa la Mama Jalal

Kila Jumamosi Fancy aliamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Aliwasha jiko, akateleka maji ya chai, kisha akampelekea mama yake ndoo ya kukamulia. Baridi ya Molo haimpi mtu hamu ya kuongea asubuhi, na wawili hao walikuwa wamezoea kufanya kazi kimya. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Yeye ndiye aliyekuwa mzungumzaji wa nyumba ile.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, mama alikuwa na neno.

"Fancy, leo nina mahali pa kukutuma. Na si kazi ya kitoto."

Chama cha akina mama wa mtaa kilikuwa kimeamua kuzikatia nyumba zao bima, ili moto au upepo ukiharibu nyumba ya mmoja wao, kampuni ya bima igharamie matengenezo. Kampuni mbili zilikuwa zimewatumia mawakala. Moja ilikuwa na bei nafuu kidogo kuliko nyingine. Mama yake Fancy alikuwa mwenyekiti, kwa hiyo aliachiwa achunguze ipi inafaa.

"Bei nimeziona," mama alisema huku akikamua. "Maneno yao matamu pia nimeyasikia. Nisichojua ni vile wanavyomtendea mtu akishapata hasara. Unakumbuka baba yako alivyomnunua ng'ombe huyu? Hakumwuliza muuzaji. Alimtafuta kijana aliyekuwa akimkamua."

"Alisema hakuna muuzaji atakwambia ng'ombe wake anapiga teke," Fancy alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo.

"Basi panda kule mlimani. Upepo wa mwaka jana uliezua nyumba mbili, ya Mzee Kibii na ya Nabalayo. Mmoja yuko na kampuni hii, mwingine na ile. Waulize walipodai kulipwa, nini kilifuata. Ningeenda mwenyewe, lakini lori la viazi linakuja na magunia hayajashonwa."

Fancy aliondoka akiwa na nia nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba njia ya mlimani hupita kando ya uwanja wa shule, na siku hiyo wasichana walikuwa wakicheza netiboli.

"Fancy! Tumepungukiwa na mtu mmoja!" aliita Jepchumba, rafiki yake wa darasani. "Ama siku hizi umekuwa mathe wa chama?"

Wenzake waliangua kicheko. Kando ya uwanja alisimama Maxwel, wakala wa ile kampuni ya bei nafuu, akiwagawia watoto mikoba myekundu yenye jina la kampuni yake.

"Niaje, mdogo wangu! Wewe si binti wa mwenyekiti?" alisema, akamkabidhi mkoba mmoja. "Mwambie mathe sisi tunalipa chapchap. Aulize mtu yeyote."

Fancy aliuvaa mkoba mgongoni. Alijiambia angecheza kidogo tu, kisha apande mlima. Mchezo ulipokwisha, ukungu ulikuwa umeanza kurudi na miguu yake ilikuwa imechoka.

Jioni mama aliingia akiwa amejaa vumbi la magunia. Hakukaa hata kuvua viatu.

"Enhe, wamesemaje?"

"Wanaisifu ile ya Maxwel," Fancy alisema. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka kwa urahisi.

"Hata Mzee Kibii? Yule huwa hasifu kitu."

"Eeh. Hata yeye."

Mama alimtazama kwa furaha ya mtu aliyechoka. "Asante, mama. Umenisaidia kazi kubwa."

Wiki hiyohiyo chama kikachagua kampuni ya Maxwel.

Kwa muda mrefu hakuna lililotokea, na Fancy akakaribia kusahau. Kisha mvua za masika zikaja na upepo wake. Alasiri moja upepo uling'oa mabati ya nyumba ya jirani yao, Mama Jalal, na kuyatupa shambani kama karatasi. Mama Jalal alikuwa mjane mwenye duka la nguo, na watoto wake walikuwa wamekwenda kufanya kazi mbali. Kufikia magharibi godoro, kabati na mapazia yalikuwa yameloa chepechepe.

"Haidhuru," aliwaambia majirani waliokuja kumpa pole. "Mali huja na kwenda. Na bima si tunayo?"

Akapiga simu kwa kampuni. Wakamwambia wanashughulikia. Akapiga tena, wanashughulikia. Maxwel naye akaacha kushika simu. Wiki zikapita, na Mama Jalal akawa analala kwenye stoo ya duka, juu ya marobota ya nguo, baridi ikipenya chini ya mlango. Akaanza kukohoa.

Mama alimtuma Fancy kumpelekea maziwa kila jioni. Fancy angekuwa radhi kubeba chochote duniani kuliko ile chupa ya maziwa.

"Mungu akubariki, binti yangu," Mama Jalal alimwambia siku moja, akishika kifua. "Watalipa tu. Mama yako alichunguza kwanza. Yeye si mtu wa kukurupuka."

Fancy aliweka chupa chini na kutoka bila kuaga. Usingizi ulimpaa. Kila aliposikia mtu akikohoa, hata darasani, moyo ulimruka.

Chama kilipokutana tena, kilikutana nyumbani kwao. Fancy alikuwa jikoni akimimina chai, na mlango ulikuwa wazi.

"Mimi nitasema ukweli, hata mkinichukia," ilisikika sauti ya Edinah, mshonaji wa sare za shule. "Mama Fancy, tulikuamini. Mwenzetu analala kwa stoo kama gunia. Ulichunguza nini?"

"Edinah, taratibu," mwingine alisema.

"Taratibu ya nini? Si mtoto wake anatembea na mkoba wa kampuni hiyohiyo! Nani alimpa, na ya nini? Labda mathe pia alipewa chake."

Fancy alisubiri mama amjibu Edinah, aseme, nilimtuma mtoto akanidanganya. Lakini mama hakujua kwamba alidanganywa.

"Sikupewa kitu," mama alisema polepole. "Nilimtuma mtu ninayemwamini. Kama kuna kosa, ni langu."

Fancy alilitua birika, akaingia sebuleni mikono mitupu.

"Sikwenda," alisema.

"Hukwenda wapi?" mama aliuliza.

"Mlimani. Ulinituma, nikacheza netiboli. Mkoba nilipewa uwanjani. Mzee Kibii hakuniambia kitu, sikumwona. Nilidanganya." Kisha akamgeukia Mama Jalal, aliyekaa karibu na jiko la makaa akiwa amejifunika shuka mbili. Alitaka kuomba msamaha, lakini kilio kilitangulia.

Edinah alitazama chini. Mama Jalal alikohoa, akasema tu, "Njoo ukae hapa, mwanangu."

Mama hakumfokea. Ingekuwa afadhali angemfokea. Aliinuka, akachukua sweta mbili zilizotundikwa ukutani, akampa moja.

"Twende mlimani sasa," alisema.

Mzee Kibii aliwapokea langoni na hakuwakawiza kwa salamu ndefu.

"Ile kampuni ya Maxwel? Haijanilipa mpaka leo! Nilipiga simu mpaka nikachoka, nikaezeka kwa jasho langu. Mngeniuliza ningewaambia bure."

Kwa Nabalayo, aliyekuwa na kampuni nyingine, habari ilikuwa tofauti. Mkaguzi alifika upesi, akapanda ngazi mwenyewe kutazama mbao. Alimweleza kipi kitalipwa na kipi hakitalipwa, na sababu yake. Fidia ikaja kama walivyoahidi.

"Lakini huyo Mama Jalal asikate tamaa," Nabalayo alisema. "Asitupe mabati yaliyopinda. Pigeni picha nyumba ilivyo, halafu muandike malalamiko, msipige simu tu. Wakinyamaza, iko ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima. Yapelekeni huko."

Kesho yake Fancy aliyaokota mabati shambani, akayapanga ukutani kwa Mama Jalal. Mama alipiga picha. Waliandika malalamiko ya Mama Jalal na ya Mzee Kibii pia. Kampuni ikanyamaza, nao wakayapeleka kwenye ofisi ile ya serikali. Hapo ndipo mkaguzi alipotokea. Si hasara yote iliyolipwa, lakini fundi alipanda juu na paa likarudi. Siku Mama Jalal alipohamia tena, Fancy alimbebea godoro. Kikohozi kilipungua, ila hakikuisha, na kila mara Fancy alikisikia.

Muda wa bima ulipokwisha, chama kilitaka kuchagua upya.

"Atakayekwenda kuulizia ni Fancy," mama alisema mbele ya wote. Edinah alikohoa kidogo, lakini hakupinga.

Safari hii Fancy alitembea nyumba kwa nyumba hadi viatu vikajaa tope. Aliporudi alisimama mbele ya akina mama, akaeleza aliyoyasikia kwa kila mmoja.

"Na mwalimu Kiprotich, ambaye jikoni kwake kuliungua?" Edinah aliuliza. "Yeye alitendewaje?"

Fancy aliona nyuso zote zikimngoja. "Sijui," alisema. "Nilienda mara mbili, sikumkuta. Nitarudi kesho."

Mama aliitikia kwa kichwa, akiwa ameridhika.

"Basi tutangoja hadi kesho," alisema. "Tangazo la bima ni la wenye kuuza. Anayeijua kampuni ni yule aliyepatwa na hasara, na mtu huyo hana budi kuulizwa. Nawe, Fancy, ukitumwa ukaulize, kuna mtu atalala chini ya jibu lako. Kama huna jibu, sema huna, kama ulivyosema sasa."

Kisha akamsogezea kiti, akae pamoja nao.