Kompyuta ya Chwele Iliyopoteza Mtandao

Katika likizo ya Agosti mwaka 2009, Nelima ndiye aliyefungua maktaba ya Chwele kila asubuhi. Alifagia, akapanga magazeti mezani, kisha akawasha kompyuta moja pekee iliyounganishwa na mtandao. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini Mwalimu Wangila, msimamizi wa maktaba, alimwamini hata akampa neno la siri la kompyuta hiyo.

Ijumaa moja mtandao ulikataa kufunguka.

Nabwile, jirani yao, alikuwa ameshaketi akisubiri. Alitaka kutuma fomu ya kujiunga na chuo cha uuguzi, na siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo, kabla ya saa kumi alasiri.

"Ama niende Bungoma mjini?" Nabwile aliuliza.

"Si ungoje kidogo, dada," Nelima alimjibu. "Ni waya tu umelegea."

Waya haukuwa umelegea. Saa tano Mwalimu Wangila alimpigia simu Chesang, fundi wa kike wa Kitale aliyeitengeneza kompyuta ile. Chesang alikuwa na kazi nyingi na hangeweza kuja siku hiyo.

"Mpe Nelima simu," alisema. "Leo atakuwa macho yangu."

Nelima alichukua simu kwa hamu. Siku zote alipenda kujua vitu hufanyaje kazi.

"Tazama nyuma ya kompyuta, pale waya wa mtandao unapoingia. Kuna taa?"

"Iko moja ya kijani. Inawaka na kuzima."

"Basi waya ni mzima. Sasa andika maneno nitakayokutajia, herufi kwa herufi, kisha unisomee jibu."

Nelima aliandika, akasoma. Chesang akashangaa.

"Ajabu. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya mtandao, ndiyo inayopokea ule waya. Umeme unaifikia, lakini kompyuta yenyewe haijui kwamba kadi iko. Jana ilifanya kazi?"

"Mpaka jioni."

"Kuna kitu mlibadilisha?"

Mwalimu Wangila alikuwa amesimama kando yake. Nelima alihisi masikio yakipata moto.

"Hakuna," alijibu.

Basi wakaendelea kutafuta. Mwalimu alizima kompyuta, akafungua kifuniko, akachomoa kadi, akaifuta vumbi na kuirudisha. Hakikubadilika kitu. Walijaribu waya mwingine, kisha tundu jingine la kadi. Kila mara Chesang aliuliza jambo jipya, na kila mara Nelima alisoma jibu lilelile. Saa tisa ikapita. Nje mvua kubwa ilianza kunyesha, na waendesha bodaboda wakakimbilia chini ya vibaraza vya maduka. Sasa hata Bungoma hakungefikika kwa wakati.

Nabwile aliikunja fomu yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nelima alimtazama, na ile hamu yote aliyokuwa nayo asubuhi ikamtoka.

"Dada Chesang," alisema kwa sauti ndogo, "jana nilibonyeza kitu."

"Kitu gani?"

"Kulikuwa na kisanduku kimekaa wiki mbili kwenye skrini, ati kuna programu mpya ziko tayari. Mwalimu aliniambia nisikiguse mpaka uje. Nilitaka kuona kitafanya nini. Nikaandika neno la siri, nikakubali. Lakini mtandao haukukatika, ndiyo maana nikadhani si hicho."

Mwalimu Wangila alimgeukia, lakini Chesang aliongea kwanza.

"Hapo umenisaidia. Sikiliza. Kompyuta ina kiini, programu inayoongea na vifaa vyote vya ndani. Jana ulileta kiini kipya, lakini hakikuanza kazi mpaka leo ulipowasha tena. Ile kadi haikuwa ya kawaida, nikaiundia programu yake mimi mwenyewe, na inaelewana na kiini cha zamani tu. Kiini kipya hakiijui."

"Kwa hivyo kile cha zamani kimefutika?"

"La, bado kimo. Iwashe upya. Maandishi ya kwanza yakitokea, bonyeza kitufe cha kona ya juu kushoto ya kibodi. Utaona orodha. Chagua mstari wenye namba ndogo."

Nelima alifanya hivyo. Kompyuta ikachukua muda wake. Kisha ukurasa wa barua pepe ukafunguka polepole, picha moja baada ya nyingine.

Nabwile aliyachapa majibu ya fomu yake, nayo ikaondoka saa tisa na dakika arobaini. Nabwile alishusha pumzi, kisha akamwambia Nelima, "Saa tano ningekuwa nimeshafika Bungoma, bana. Ungeniambia tu."

"Nisamehe, dada. Na wewe, Mwalimu, nisamehe."

Jumanne iliyofuata Chesang alifika kutoka Kitale. Kufikia hapo Mwalimu Wangila alikuwa amebadilisha neno la siri, na Nelima hakulalamika. Chesang alimwita aketi karibu, akamwonyesha jinsi ya kuunda upya programu ya kadi ili ielewane na kiini kipya. Nelima aliuliza maswali mengi, naye Chesang akayajibu yote.

Walipomaliza, Chesang alimgeukia.

"Kutaka kujua si kosa, Nelima. Mimi pia nilianza hivyo, na nimeharibu mashine nyingi kuliko wewe. Lakini kitu cha watu wengi huombewa ruhusa kwanza. Na ukikosea, sema mapema. Siku ile tulitafuta kwa muda wa saa nne kitu ambacho wewe ulikuwa unakijua. Ulipokisema, tulimaliza kwa dakika chache."

"Nimeelewa," Nelima alisema.

"Vizuri. Sasa muulize Mwalimu kama anakuruhusu uiwashe upya, tuone kama kadi itaonekana."

Nelima alienda kuuliza.