Mzee Aliyetoka Kanisani Kinyumenyume

Kila Jumamosi alasiri, msichana Kemilembe alikata nyasi mbichi bondeni, akazibeba kichwani na kuzitandaza kwenye sakafu ya kanisa la Nyakakika. Lilikuwa kanisa dogo la miti na udongo, lakini kwa nyasi zile lilinukia kama nyumba inayongoja mgeni. Alizilaza zote zikielekea madhabahuni. Alipomaliza alikatiza mbio mbele ya madhabahu, akitafuna buni, zile punje za kahawa, ili afupishe njia ya kwenda nyumbani.

Jambo moja lilimkera. Kila Jumapili asubuhi alikuta nyasi za katikati zimevurugwa, kuanzia madhabahuni hadi mlangoni.

"Ni kuku," mama yake alimwambia.

Lakini Kemilembe hakuwa mtu wa kuridhika na kuku. Huyo hata mbuzi akikohoa, aliuliza amekohoa kwa nini. Basi Jumamosi moja alijificha nyuma ya kanisa, jicho kwenye ufa wa ukuta.

Akaja Mzee Nuwagaba, mfugaji aliyekuwa amehamia pale na ng'ombe wake. Siku ya pili yake angebatizwa. Alivua makubazi, akaingia, akapiga magoti na kupiga makofi polepole bila kusema neno. Kisha akainuka, akatoka kinyumenyume, nyayo zake zikiburuza nyasi.

Kemilembe aliruka kutoka kwenye ufa. Nani asiyejua kwamba wachawi hutembea kinyumenyume? Hakumuuliza mzee wala mtu yeyote. Alikimbia moja kwa moja kisimani, kwa wanawake waliokuwa wakiteka maji.

"Nuwagaba ni mchawi! Nimemwona kwa macho yangu!"

Maneno hayana miguu, lakini yalifika kila nyumba kabla ng'ombe hawajarudi zizini. Wazee wa kanisa wakamwendea mwinjilisti, Mwalimu Rwegoshora.

"Mtu huyu asibatizwe," walisema.

Mchungaji, aliyetarajiwa kesho yake kuja kubatiza, alifika Nyakakika mara moja tu kwa mwaka, na Nuwagaba alikuwa mzee wa kukohoa usiku kucha. Kwake, mwaka mmoja ulikuwa mbali sana.

Mwalimu aliwaita kanisani Nuwagaba na Kemilembe, mbele ya wazee.

"Mzee wangu, kwa nini unatoka kinyumenyume?"

Nuwagaba alishangaa. "Kwani ninyi mnatokaje?"



"Ujanani nilipeleka maziwa kwa Mukama, mfalme wetu," aliendelea. "Mbele yake tulipiga magoti, tukapiga makofi, tukatoka huku tukimtazama. Ole wako umpe mgongo! Sasa mmenifundisha kwamba Mungu ni Mfalme wa wafalme, na hapa ni nyumbani kwake. Nimpe mgongo yeye?"

Wazee walitazama chini. Kemilembe alikumbuka buni yake na zile mbio za mbele ya madhabahu, akaona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Alipiga magoti mbele ya mzee.

"Babu, nisamehe. Nilikuona, sikukuuliza."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Kumbe nyasi ni zako! Nisamehe na mimi kwa kuzivuruga."

"Sasa nenda kisimani," Mwalimu alimwambia Kemilembe. "Sauti uliyomchafulia jina nayo, msafishie kwa hiyo hiyo."

Alikwenda, akasema kweli yote mbele ya wanawake wale wale, ingawa wengine walimcheka. Jumapili mchungaji alimbatiza Nuwagaba.

Jumamosi iliyofuata, Kemilembe alitema buni nje ya mlango kabla ya kuingia. Safari hii nyasi za katikati alizilaza zikielekea mlangoni, ili nyayo za mzee zipite bila kuzivuruga. Akatoka taratibu, akapishana na Mwalimu Rwegoshora mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Mwalimu alizitazama zile nyasi, akaelewa. "Wiki iliyopita ulimchungulia mtu katika nyumba ya Mungu, ukamsahau Mwenye nyumba. Anayemcha Mungu hukumbuka kwamba Yeye yupo, hata kanisa likiwa tupu. Na anayekumbuka hivyo huogopa kumsingizia mwenzake."