Simu ya Sultani na Kadi ya Rahima

Ndugu zangu wa Makote na Newala mjini, na nyinyi wa Masasi mnaoishi chini ya majabali, habari hii imetokea kwa jirani yangu, nyumba ambayo mwiko ukianguka jikoni mwao mimi nausikia kwangu. Naitwa Mama Godwin. Kabla ya kuisimulia niliomba ruhusa kwa wenyewe, nao wakaniambia, "Isimulie, Mama Godwin, wengine wasije wakapata yaliyotupata."

Nyumba hiyo ni ya Bi Kibibi, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Sultani. Kama hujawahi kumwona akifinyanga, pole yako. Asubuhi, akishafagia uwanja na kunywa uji, alikuwa anaweka bonge la udongo chini, anainama, kisha analizunguka kwa miguu yake mwenyewe, mkono mmoja ndani na mwingine nje, polepole, mpaka bonge linafunguka na kuwa chungu. Hakuwa na gurudumu wala kalibu. Alilainisha kwa gunzi la mahindi, akasugua kwa kokoto, halafu akachora nakshi shingoni bila kupima kitu, na mistari ikakutana pale pale ilipoanzia. Chungu chake kikishachomwa, ukikigonga kwa kucha kinalia. Mitungi yake imekwenda Masasi, imekwenda Mtwara, na kuna mmoja ulibebwa na wageni mpaka nje ya nchi. Siwaelezi haya kwa kujisifia jirani. Nawaeleza mjue ni hazina gani iliyokuwa inakaa Makote.

Basi nyumba hiyo ilikuwa na utulivu wake. Mume alishafariki, watoto wawili wamekua. Sultani, mkubwa, ana duka la vipuri vya pikipiki Masasi. Rahima, mdogo wake, ni fundi cherehani Newala mjini, na jioni hurudi kulala kwa mama yake. Walikuwa wanapendana sana wale. Sultani hakuja nyumbani bila zawadi ya mdogo wake, na Rahima hakumruhusu kaka yake arudi Masasi na shati lenye kifungo kilicholegea.

Utulivu uliharibika siku Sultani alipokuja na simu mpya.

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nyembamba, inang'aa mgongoni kama kioo. Bahati mbaya, mwezi huo huo Rahima naye alikuwa amenunua ya kwake, ya kampuni nyingine, nene kidogo na ya bei ya chini. Tulikuwa tumekaa uwanjani tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, Sultani akaiinua simu yake juu.

"Hii ina GB mia mbili hamsini na sita," alisema. "Zote zimo humo humo ndani. Hakuna kitundu cha kadi, hakuna vumbi kuingia. Ukigusa picha, inafunguka hapo hapo. Hebu nione hiyo yako."

Rahima akampa. Sultani akaigeuza, akacheka. "Ndani ina thelathini na mbili tu! Hii si simu, ni kikokotoo."

"Ndani ni thelathini na mbili, lakini ina nafasi ya kadi," Rahima akajibu. "Ikijaa naongeza. Simu ikifa nachomoa kadi, naweka kwenye simu nyingine, vitu vyangu viko palepale. Na wewe, siku hiyo yako ikijaa utafanyaje? Siku ikifa, je?"

"Simu kama hii haifi."

"Kila simu inakufa, kaka."

Mama yao akawaambia wamenye ming'oko, wakanyamaza. Lakini walinyamaza mdomoni tu. Tangu siku hiyo kila walipokutana mazungumzo yalikuwa hayo hayo: ipi ina nafasi zaidi, ipi inapiga picha safi. Salamu zikafupika. Sultani akawa akija anasema, "Shikamoo mama," kisha anamgeukia Rahima, "Bado unatumia kile kikadi?" Ndugu msomaji, labda hata kwako wamo watu wa namna hiyo. Simu imetengenezwa mbali huko na watu wasiokujua, nawe unaitetea kama umeizaa.

Siku moja Mama Sultani akawaita wote wawili, nami nikiwepo.

"Wanangu, umri umekwenda," alisema. "Rahima hataki kushika udongo, anasema unamharibia vidole vya kushonea. Sawa. Basi nirekodini. Nataka kazi hii ibaki."

Kazi hiyo waliifanya, tena kwa moyo. Sultani alikuja akashuka na mama bondeni kunakochimbwa udongo, akamrekodi akichagua ule mzuri, akiuponda, akiutoa mawe, akifinyanga mpaka nakshi ya mwisho. Rahima naye akarekodi kukausha na kuchoma: nyasi gani zinatangulia, kuni zipangwe vipi, moto upunguzwe lini. Humo ndani mama alikuwa anaeleza, anatania, anaimba nyimbo za kufinyangia za Kimakonde ambazo zimenizidi umri hata mimi mwenyewe.

Kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa kwa Sultani, na nusu kwa Rahima. Nikawaambia, "Si mpeane? Kila mmoja awe na zote."

Sultani akasema, "Video safi kama hizi nikazitie kwenye kadi ya mnadani? Akitaka kuziona aje kwangu aangalie."

Rahima akasema, "Na mimi zangu sipeleki kwenye kisanduku kisicho na mlango. Akizihitaji aniombe vizuri."

Mama yao akarudi kwenye udongo wake. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyetoa.

Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia alipokuja mgeni kutoka Chiwata, Bi Esther, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa huko. Walikuwa wanataka kufundishwa ufinyanzi, waache kununua ndoo za plastiki zinazopasuka kila mwaka. Mama Sultani alifurahi sana, akamweleza hata habari za zile video. Aliahidi kwamba korosho zikishauzwa, atakwenda kukaa nao mpaka wajue.

Hakwenda. Kabla korosho hazijamalizika kuokotwa alianguka jikoni. Kiharusi. Hospitali wakamhudumia, akarudi nyumbani hai, lakini upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanatoka yamevunjika. Ule mkono wa kulia, ndugu zangu, uliokuwa ukiingia ndani ya chungu na kukifungua, ukawa unalazwa juu ya kanga kama kitu cha mtu mwingine.

Bi Esther alipopata habari alikuja na wenzake kumjulia hali. Walimlilia, wakampa pole, wakaleta mchele na kuku. Wakati wa kuondoka Bi Esther akamwambia Rahima, "Angalau mlimrekodi. Naomba siku moja tuje tuone hizo video. Hata tukijifunza kwa macho, itakuwa heshima kwake."

Rahima akampigia kaka yake. Siku ikapangwa.

Siku hiyo akina mama wa Chiwata walifika wamevaa vitenge vya sare. Uwanja ulijaa. Tulimtoa Mama Sultani nje, tukamketisha kwenye mkeka, ameegemea mito. Usoni alikuwa na fahari, hata kwa ule upande mmoja uliobaki. Tukamsubiri Sultani.

Sultani alikuwa njiani, juu ya bodaboda, anatoka Masasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kilichotokea. Alikuwa na furaha ya kwenda kuonyesha video safi mbele ya watu, hata akaitoa simu mfukoni ajirekodi akipanda milima ya kuja Newala. Bodaboda ikaruka shimo. Simu ikamponyoka, ikalala katikati ya lami. Nyuma yao lilikuwa linakuja lori limesheheni magunia ya korosho.

Alifika nyumbani ameshika vipande kwenye leso.

"Imekwenda," alisema. "Lori limeipitia."

Rahima alisimama. Nilitamani amshike kaka yake mkono. Badala yake alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Nilikwambia! Ingekuwa na kadi ungeichomoa humo. Sasa chomoa basi, tuone!"

Sultani akavikunja vile vipande ndani ya leso. Rahima akawageukia wageni. "Msihuzunike. Za kuchoma ninazo mimi." Akafungua simu yake, akaenda kwenye video, akagusa ya kwanza. Ikaja rangi ya kijivu. Akagusa ya pili. Kijivu. Majina ya video yote yalikuwepo, tena yamepangwa vizuri, lakini ndani hamna kitu. Akazima simu, akawasha. Akatoa kadi, akaipuliza, akairudisha.

Akina mama wa Chiwata waliinamisha vichwa. Walijifanya wanapanga vitenge vyao, kwa adabu, wasimwone mtu akiaibika nyumbani kwake. Na Mama Sultani pale mkekani aliona kila kitu. Machozi yalimtoka kwa jicho moja.

Kesho yake ndugu wale wawili walikwenda Masasi kwa fundi simu anayeitwa Abdulrazaki. Walikwenda pamoja lakini hawakuzungumza. Fundi akatazama vipande vya Sultani, akasema sehemu yenyewe ya kuhifadhia imevunjika, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa humo, hakuna pa kutolea. Akamuuliza kama aliweka nakala mtandaoni. Sultani akasema huduma hiyo aliizima ili kuokoa bando. Fundi akaijaribu kadi ya Rahima kwenye kompyuta.

"Juu imeandikwa GB mia tano na kumi na mbili," alisema, "lakini uwezo wake wa kweli hata thelathini haufiki. Ni feki. Ikishajaa inaendelea kukuonyesha majina, huku vitu vyenyewe haivihifadhi. Uliinunua wapi?"

"Mnadani," Rahima akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa bei nafuu."

Sultani angeweza kulipiza. Maneno alikuwa nayo. Rahima ananiambia alisubiri ayasikie, akayasubiri mpaka stendi. Lakini kaka yake alimwambia tu, "Tumemzika mama akiwa hai, mimi na wewe." Wakakaa pale kwenye benchi la stendi, wakalia, abiria wakiwatazama.

Waliporudi walimpigia mama yao magoti na kumwomba radhi. Mama aliwasikiliza. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika Rahima vidole, akasema kwa shida, "Udongo. Lete udongo."

Hapo ndipo kazi ilipoanza upya, na hapo ndipo mimi ninapojivunia watoto wale. Rahima akakata kucha. Sultani akawa kila Ijumaa, baada ya swala, anafunga duka na kuja kuteremka bondeni kubeba udongo. Vijana walimcheka, "Mwanamume anachimba udongo wa vyungu!" Akawa anawajibu, "Wa mama yangu," anapita. Mama alikaa mkekani, Rahima akilizunguka bonge mbele yake. Akikosea, mama aligonga mkeka kwa kiganja. Akipatia, mama alinyamaza. Vyungu vya kwanza vilipasuka motoni vyote, kwa sababu mawe hayakutolewa vizuri. Vilivyofuata vilipinda shingo. Rahima alilia, akaosha mikono, akaanza tena.

Akina mama wa Chiwata wakaanza kuja nao, wakalala kwangu na kwa Bi Kibibi, wakajifunza pamoja na Rahima. Safari hii kila hatua ilirekodiwa, na jioni hiyo hiyo nakala ikawekwa kwenye simu mpya ya Sultani, kwenye kadi mpya ya Rahima waliyoijaribu kwanza kwa fundi, na kwa Bi Esther kule Chiwata. Wakaomba hata mimi niweke, na simu yangu hii ya zamani ikakubali video chache.

Masika yalipokwisha, Rahima alitoa motoni mtungi mkubwa wa maji, mzima, nakshi imekutana. Alimpelekea mama yake akiwa ameukumbatia, majivu yamemjaa usoni. Bi Kibibi akaugonga kwa ukucha wa mkono wa kushoto. Ukalia. Akacheka, mdomo umepinda upande mmoja, akasema neno ambalo sote tulilielewa: "Mfinyanzi." Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Mimi nililia kwa fahari, wala sioni haya kusema.

Lakini nisiwafiche. Zile video za mwanzo hazikurudi. Sauti ya Bi Kibibi ikiwa nzima, anavyotania na anavyoimba, hatunayo popote. Katika hizi mpya anasikika akihangaika kutoa neno. Sultani huwa anasema angetoa duka lake apate dakika moja ya sauti ile. Nyimbo mbili Rahima amezikumbuka. Zilizobaki mama hawezi tena kuziimba.

MAFUNZO

Ndugu zangu, simu yenye nafasi kubwa ndani ni nzuri, ina kasi, haina usumbufu. Lakini ikivunjika, kila kilichomo kinaweza kwenda nayo. Simu yenye kadi nayo ni nzuri, unaongeza nafasi unavyotaka na unahamisha vitu vyako. Lakini kadi feki itakudanganya mpaka siku unayoihitaji. Nunua ile inayofaa mfuko wako na kazi yako, wala usimdharau ndugu yako kwa aliyoinunua. Kadi ipime kabla ya kuiamini. Kitu cha thamani kiweke zaidi ya mahali pamoja, na katika mikono ya zaidi ya mtu mmoja.

Kilichowaponza Sultani na Rahima si simu. Ni kule kukataa kupeana. Kila mmoja aliona kushinda ubishi ni bora kuliko kulinda kazi ya mama yake.

Tujivunie vya kwetu, kwa maana tunavyo vya kujivunia. Na kama kwako kuna mzazi anayejua kazi, mrekodi, ndiyo. Lakini ukishamaliza kumrekodi, iweke simu pembeni, kunja mikono ya shati, umwambie, "Nifundishe."