Nilimfungia Mama Yangu Nje ya Geti la Shule ya Wanangu

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, Mmeru wa Akheri, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Naandika haya nikiwa na hasira, kwa hiyo ndugu wasomaji mnivumilie. Machozi yangu yalikwisha siku nyingi. Nimebaki na hasira... na kubwa kuliko zote ni ile niliyo nayo juu yangu mimi mwenyewe!

Mume wangu ni mhandisi wa barabara, mtu wa Songea. Kampuni yake humhamisha kila baada ya miaka miwili mitatu. Tumekaa Lusaka, tukaenda Gaborone, kisha Doha. Watoto wanaolelewa hivyo huwezi kuwapa mtaala wa nchi hii leo na wa nchi ile kesho, watachanganyikiwa. Ndiyo maana tangu mwanzo tuliwasomesha mtaala wa Uingereza, maana ukihama nao mtoto anaendelea pale pale alipoishia. Hilo silijutii hata kidogo.

Tulipofika Doha, mume wangu alikuwa akishinda kwenye kambi za ujenzi nami nilipata kazi ya uuguzi, zamu juu ya zamu. Binti yetu Elinipa alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake Baraka tisa. Tukakubaliana waende shule ya bweni Arusha, ya kimataifa, yenye mtaala ule ule. Watu walipouliza kwa nini Arusha, nilijibu kwa majivuno kwamba nataka wanangu wawe karibu na bibi yao.

Karibu na bibi yao! Hebu nisikieni nilivyokuwa mwongo.

Nilichagua shule ile kwa wiki nzima, simu mkononi, nikilinganisha picha. Niliuliza bwawa la kuogelea lina urefu gani. Niliuliza ni walimu wangapi wametoka Uingereza kwenyewe. Niliuliza mpaka habari za farasi, na wanangu wanaogopa hata mbuzi! Kitu kimoja tu sikuuliza, bibi yao atawaonaje, nacho ndicho kilichonimaliza.

Shule za namna hii zina fomu ya usalama. Mtoto haonwi wala hachukuliwi na mtu ambaye mzazi hakumwandika. Kulikuwa na nafasi tatu: ya mlezi, na mbili za ndugu wanaoruhusiwa kumtembelea. Kwenye nafasi ya mlezi nilimwandika Winfrida, rafiki yangu tangu sekondari, mwenye duka la nguo mjini na nyumba nzuri Kimandolu. Zile nafasi mbili nilizipiga mstari kwa kalamu ya wino.

Mama yangu mzazi alikuwa hai, anaishi mwendo wa saa moja tu kutoka pale... nami nikapiga mstari!

Kwa nini? Aibu. Hakuna jina lingine. Mama yangu alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, mtu wa kwaya ya akina mama kanisani, mabuti ya mpira miguuni na kanga mbili. Kiswahili chenyewe alikichanganya na Kimeru, seuze Kiingereza. Nilimwona kichwani mwangu amesimama katikati ya magari yale makubwa ya wazazi, anawaita wanangu kwa sauti ya shambani. Nikasema hapana. Na mume wangu naye, badala ya kunizuia, akasema niandike yeyote ilimradi anajua Kiingereza, shule wasije wakapata taabu.

Winfrida alikijua Kiingereza, tena cha puani.

Nilipowaleta watoto tulifikia kwake kwa siku tatu. Akheri nilipanda peke yangu, nikakaa saa moja tu. Nikamkuta mama amechinja jogoo na kupika kwa ajili ya watu watatu. Elinipa alimwona mara ya mwisho akiwa na mwaka mmoja. Baraka hakuwahi kumwona kabisa. Simu ya mama ilikuwa kitochi, ile isiyopokea picha, hata sura zao hakuzijua. Akaniuliza wajukuu wake wako wapi, hasa yule mwenye jina lake, maana Elinipa ni jina la mama yangu, na kwetu mtoto mwenye jina la bibi ndiye bibi mwenyewe amezaliwa tena. Nikamwambia wamechoka na safari, wataletwa likizo.

Mama alisema tu, "Waache walale." Akanifungia ile nyama niwapelekee.

Likizo ilipofika, niliwakatia tiketi ya Doha. Na likizo iliyofuata. Na iliyofuata tena!

Mwezi wa pili tu tangu waanze, shule waliniandikia barua pepe. Walisema kuna bibi mmoja anakuja getini kila Jumamosi na kindoo cha chakula, anadai ni bibi wa watoto. Kwa kuwa jina lake halimo kwenye fomu, hawakumruhusu. Je, mzazi angependa aongezwe?

Wasomaji wangu, jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo! Ningeliandika hata nikiwa kazini, hata nimeshika sindano. Badala yake nikaituma barua ile kwa Winfrida, nikaongeza maneno haya: "Naomba unimalizie hili kimya kimya. Unamjua mama alivyo."

Basi, akalimaliza.

Aliwaambia watu wa shule kwamba yule mzee aliwahi kutufanyia kazi za ndani zamani, na kwamba akili yake si nzima sana siku hizi. Wamsalimie vizuri, asije akaleta fujo, lakini wasimruhusu. Mama yangu! Mwanamke aliyeuza kahawa kilo kwa kilo nikasoma uuguzi, leo ni mfanyakazi wa ndani mwenye kichwa kibovu! Kumbe Winfrida alikuwa amejitambulisha kwa wazazi wenzake kama mama mdogo wa wanangu, akapata wateja wa duka kwenye kila sherehe ya shule. Bibi mwenye mabuti angeliharibu jambo lake.

Mimi hayo sikuyajua. Kila Jumamosi jioni nilimpigia mama, naye aliniambia, "Leo nimewapelekea loshoro." Loshoro ni chakula chetu, mahindi na maziwa mgando, na ya mama ilikuwa na sifa kijiji kizima. Niliposikia hivyo nilijiambia Winfrida ameshapanga mambo, bibi anaingia. Sikumwuliza mama kama amewaona, wala watoto sikuwauliza walipokuja likizo. Mbona sikumwuliza? Kwa sababu sikutaka kusikia jibu! Na yeye hakunishtaki hata siku moja. Alisema amepeleka, na kweli alipeleka.

Ikapita karibu miaka miwili.

Jumatatu moja asubuhi mama alianguka kwenye kahawa zake. Presha. Majirani walimkimbiza hospitali, lakini hakufika. Nilipokea simu nikiwa wodini, nikakaa chini sakafuni mbele ya wagonjwa.

Tukasafiri, tukawachukua watoto shuleni, tukapanda nao Akheri. Elinipa alikuwa na miaka kumi na mitatu, amevaa sketi nyeusi. Ilikuwa mara ya kwanza anakanyaga boma la bibi yake tangu apate akili, na alikuja kumzika.

Wakati wa kuaga mwili, mchungaji alisema mjukuu aliyerithi jina la marehemu atangulie na shada la maua. Elinipa akaenda mpaka kwenye jeneza. Akaangalia. Shada likamponyoka. Akageuka, akaniuliza kwa Kiingereza, tena kwa sauti, mbona huyu ni Bibi Ndizi wa getini?

Watu wachache walielewa maneno yale. Mimi niliyaelewa yote.

Kumbe wanafunzi walikuwa wamempa mama yangu jina. Siku za ndizi kuiva alikuja na mkungu kichwani, wakamwita Bibi Ndizi. Waliambiwa ni mzee aliyechanganyikiwa. Na Elinipa wangu, wajina wake, alicheka pamoja na wenzake...

Baada ya maziko alinifuata mzee mmoja mwenye koti la suti lililopauka. Alikuwa askari wa geti la shule, naye ni Mmeru. Alibeba vindoo vinne vya plastiki, vimeoshwa vikang'aa, na vifuniko vyake.

"Pole sana, mama," aliniambia. "Hivi ni vya marehemu. Mimi ni mtu wa kutumwa. Mlezi wa watoto alisema ni mfanyakazi wenu wa zamani, akili si nzima, tusimruhusu. Nilimwambia kwa Kimeru, mama, hujaandikwa. Akasema haya, wape watoto hii, wakishiba inatosha."

Nikamwuliza kama watoto walipewa. Mzee wa watu akasema hapana. Chakula cha nje hakiruhusiwi kuingia. Walikuwa wakikila wao askari pale getini, na hawakuwa na uso wa kumwambia bibi ukweli, maana kila Jumamosi aliuliza kama wajukuu wamekipenda.

Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Basi la shule lilipokuwa likitoka na watoto, mama aliwahi kando ya barabara. Alimwomba askari amwonyeshe wa kwake ni yupi. Askari hakuruhusiwa. Basi mama akawa anapungia mkono basi zima, dirisha la kwanza mpaka la mwisho, ili wa kwake nao wapate.

Jamani! Basi zima!

Hapo ndipo nilipomwona Winfrida ameketi kwenye viti vya familia, miwani myeusi, kitambaa cha kufutia machozi mkononi. Sijui nilifikaje pale. Nilimkamata gauni kifuani mbele ya wazee wa kanisa, nikamwuliza ni nani alimtuma amfanye mama yangu mwendawazimu. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Winfrida hakulia wala hakuomba msamaha. Alijinasua, akatoa simu yake.

"Usinigeuzie kibao, mama Elinipa," alisema. "Mimi sikukurupuka. Niwasomee ulichoniandikia?"

Akausoma ujumbe wangu. Neno kwa neno. Unimalizie hili kimya kimya. Unamjua mama alivyo.

Dada zangu walinitazama. Mume wangu akageuza uso, yeye aliyesema niandike yeyote! Lakini hao hawakuniumiza. Aliyeniumiza ni Elinipa, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kindoo kimoja mkononi. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kinachokatikakatika kama mimi ndiye niliyeandika ile fomu.

Nikasema ndiyo. Lile neno moja nililoshindwa kuliandika, hapo ndipo nililisema, limeshachelewa.

Winfrida nimemfuta maishani mwangu, na sitamsamehe, nasema wazi. Shule walituma barua ndefu ya kusikitika, kwamba walifuata fomu ya mzazi. Na kweli waliifuata. Nimeacha kazi Doha, naishi Akheri kwenye nyumba ya mama. Nilitaka kuwahamisha watoto, Elinipa akakataa. Alisema shule nimeichagua mimi, lakini ataimaliza yeye. Tangu hapo amenisemesha mara chache sana, kwa adabu, kama unavyomsemesha mgeni.

Wewe mzazi unayekaa nje na unawatafutia wanao shule nzuri, tafuta! Simzuii mtu mtaala wa Uingereza, wala bwawa, wala farasi. Lakini watakapokupa ile fomu, ishike kalamu na uogope. Mwandike mama yako, mwandike na shangazi yako wa shamba, hata kama hajui Kiingereza, hata kama anakuja na mabuti yenye tope. Na kama unamwonea aibu mama yako, mrudishe mtoto nyumbani kwanza ukatibiwe aibu hiyo, maana hakuna shule itakayoitibu. Usifanye nilichofanya mimi!

Kila Jumamosi napika loshoro, naijaza kwenye kindoo cha mama, nashuka mpaka getini. Jina langu limo, naruhusiwa kuingia mpaka sebule ya wageni. Kwa sababu ya msiba wetu, mkuu wa shule ameruhusu hata chakula. Baraka huja mbio, anakula, ananisimulia mpira. Elinipa hutuma ujumbe kwamba ana masomo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka getini basi likapita. Vioo vyake vyeusi, sikuona aliyekaa ndani. Nilijua tu kwamba wangu yumo... Nikaweka kindoo chini, nikalipungia basi zima.