Swali Lililorukwa

Kila jioni mama alirudi kutoka wodini, akatundika sare yake nyuma ya mlango, kisha akaenda nyuma ya bafu na sigara yake. Binti yake, msichana wa darasa la sita, aliendelea kuosha vyombo na kujifanya haoni. Mama alikuwa muuguzi. Mchana kutwa aliwakanya wagonjwa wa kifua wasiguse tumbaku. Jioni alivuta, akasukutua mdomo, akamumunya peremende.

“Ni uchovu tu, mwanangu,” alimwambia. “Yaishie humu humu ndani.”

Msichana alimwonea mama yake huruma, akafyata mdomo. Lakini moshi uliingia kwa dirisha lililokuwa hapo juu, la chumba alicholala mdogo wake, kitinda mimba mwenye pumu, na kila mwezi kifua kilizidi kumbana.

Jioni moja mtoto alibanwa mpaka midomo ikawa ya kijivu. Mama alimbeba mbio hadi hospitali ile ile anayofanyia kazi, msichana akifuata nyuma. Mtoto aliwekewa dawa ya kuvuta kwa mashine. Daktari aliuliza kuhusu vumbi, paka na mablanketi. Alipofika kwenye sigara alitabasamu, akasema swali hilo halimhusu sista, kisha akasema ataongeza dawa tu. Mama akainamisha macho.

Msichana alitazama mbavu za mdogo wake zikipanda na kushuka. Akisema, atamwaibisha mama mbele ya wenzake. Akinyamaza, mtoto atarudi kulala pale pale. Aliogopa sana.

“Daktari,” alisema kwa sauti ndogo, “muulize na la sigara.”

Mama aliinua macho. “Navuta,” alisema hatimaye. “Chini ya dirisha lake.”

Daktari hakumgombeza. Alikiri kwamba sare ndiyo iliyomfanya aruke swali, na kwamba wahudumu wengi pale huvuta na kusitiriana. Akampeleka mama kwa mshauri yule yule anayewasaidia wagonjwa kuacha.

Kuacha kulimtesa. Alikosa usingizi, akawa mkali, siku nyingine akalia. Kifua cha mtoto kilipata nafuu polepole mno.

“Ulinifichia siri kwa sababu unanipenda,” mama alimwambia binti yake jioni moja, “na mimi nikautumia vibaya upendo wako. Mtu mzima akikuomba ufiche jambo linalomuumiza mwingine, kataa. Hata akiwa mimi.”