Kikombe cha Mulama

Kwaru, kwaru, kwaru.

Mwiko wa mama ulikuwa ukikwaruza karai kabla hata jogoo wa jirani hajawika. Alikuwa akikaanga unga uliochachuka wa kupikia busaa, pombe yetu ya nafaka, ingawa mitungi ya siku hiyo ilikuwa imeiva tayari. Kwa jinsi alivyoukwaruza, nilijua hasira yake ilikuwa imeamka kabla yake.

"Selpher, umeamka?"

"Nimeamka, mama."

"Basi njoo upepee huu moto. Na huyo Mkamba wako, leo atakuja kweli?"

"Munyoki atakuja."

"Aje nimwone. Nikipendezwa naye, watu wake waje wiki ijayo tuzungumze. Nisipopendezwa, Jumatatu unapanda basi uende Kakamega kwa shangazi yako. Na jina lake nisilisikie tena humu ndani."

Ilikuwa mwaka wa 1974, na tuliishi mtaa wa Kaloleni, mama yangu Asenath na mimi, wawili tu. Baba yangu, Mulama, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda Industrial Area. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya siku hiyo. Munyoki alikuwa mchongaji wa vinyago kule Majengo. Mikono yake ilijaa makovu ya patasi, na maneno yake yalikuwa machache. Uchache huo ndio uliokuja kunitesa.

Jumamosi hiyo kulikuwa na sherehe mbele ya ukumbi wa mtaa. Chifu alikuwa ametoa kibali kila watu walete pombe ya kwao, ionjwe, na mpishi bora apewe blanketi. Watu wa Nyeri walileta muratina. Wakamba walileta uki, pombe yao ya asali. Mama alileta mitungi miwili ya busaa. Mmoja niliubeba mimi, na wa pili ulibebwa na rafiki yangu Anyango bila kuombwa.

"Mkwe yuko wapi?" Anyango akauliza kwa sauti. Tayari alikuwa na povu la busaa juu ya mdomo.

"Nyamaza! Mama atasikia."

"Asikie! Leo tunaizunguka Kenya nzima bila kulipa nauli, na wewe umekunja uso kama mtu wa matanga. Kunywa, bibi!"

Munyoki akafika. Begani alikuwa na kibuyu cha uki cha shangazi yake Syombua, na mkononi kigoda chake, ili shangazi huyo, aliyekuwa akimfuata polepole, asisimame juani. Mchongaji mwenzake, Matheka, alikuja nyuma akiimba.

"Habari za asubuhi, mama," Munyoki akamwambia mama yangu, akiinamisha kichwa.

"Nzuri. Wewe ndiye Munyoki?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama akachota busaa, akajaza kikombe mpaka juu. Watu wakasogea, maana habari zetu Kaloleni nzima walikuwa nazo.

"Onja. Halafu useme ukweli."

Munyoki alikipokea kwa mikono miwili. Nikaona midomo yake ikitikisika. Kisha akakiinamisha kikombe, na nusu ya busaa ikamwagika mchangani.

Kicheko kikalipuka.

"Ameimwaga!"

"Imemshinda!"

"Mama Selpher, hata mkwe ameikataa!"

Mama alisimama na kata mkononi.

"Umemwaga busaa yangu?"

"Mama, si hivyo..."

"Si hivyo, ni vipi? Nimeihangaikia wiki nzima kwa sababu yako! Sema!"

Munyoki akanitazama. Akawatazama waliokuwa wakicheka. Akakiweka kikombe mezani taratibu, akaondoka.

Nilimkimbilia hadi kwenye bomba la maji.

"Munyoki, rudi useme kitu!"

"Si hapa."

"Basi wapi? Jumatatu napanda basi!"

"Selpher, siwezi kulisema mbele ya watu wanaocheka."

"Kulisema nini? Niambie mimi basi!"

"Mama yako ndiye wa kuambiwa kwanza."

"Utanitia wazimu wewe!"

"Najua," akasema. Akaenda zake.

Najua! Mtu anapoteza mke, anasema najua. Nilirudi nikilia kwa hasira, si kwa huzuni. Anyango akanifunika leso yake, watu wasinione.

Tangu hapo hakuna aliyetaka kuonja busaa ya mama. Blanketi likaenda kwa watu wa Nyeri. Mtungi wetu wa pili ulikuwa bado umejaa, mpaka Syombua alipokuja na kigoda chake akaketi karibu na mama.

"Nipe kikombe, dada."

Mama akampa bila kumtazama. Syombua akamwaga kidogo chini, ndipo akanywa.

"Shangazi," nikashtuka, "hata wewe unamwaga?"

"Kumwaga? Nawapa walionitangulia, mwanangu. Ningekunywaje kabla yao?" Akapangusa mdomo. "Dada, hii ni tamu. Niongeze."

"Umemsikia, mama? Ni desturi yao!"

"Desturi ya kumwaga nusu kikombe?" Mama alianza kukusanya vyombo. "Huyo mwenyewe hana mdomo? Kafungashe nguo zako."

Lakini mama alimwongezea Syombua, tena kikombe kikajaa mpaka juu.

Jumapili tulipotoka kanisani, tulimkuta Matheka mlangoni. Leo hakuwa akiimba.

"Mama, nimetumwa. Hakuwa na karatasi."

Akatoa kipande cha msasa wa kulainishia vinyago. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya penseli. Kusoma kulimpa mama shida.

"Soma wewe," akaniambia, "na usiongeze lako."

Nikasoma:

"Mama, nilikuja kuomba binti wa Mulama, na Mulama mwenyewe hakuwepo. Kwetu siwezi kunywa pombe ya nyumba ya mtu kabla mwenyewe hajapewa. Nikamtaja jina, nikampa. Wale walikuwa wanacheka, na sikutaka wacheke jina lake. Busaa sikuionja, lakini harufu yake ilikuwa nzuri. Munyoki."

Mama akaketi juu ya sanduku langu la nguo.

"Soma tena. Pale penye jina."

Nikasoma tena. Tangu matanga yaishe, hakuna mgeni aliyekuwa amelitaja jina la baba nyumbani kwetu.

"Alimpa nusu kikombe?"

"Nusu, mama."

"Nusu! Baba yako nusu kikombe ingemkasirisha." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Huyo bubu yuko wapi?"

"Yuko pale kwenye bomba, mama," Matheka akasema. "Tangu mlipoingia kanisani."

"Kwa jua hili? Mwite!"

Munyoki akaingia, akasimama mlangoni kama mshtakiwa. Mama alichota busaa iliyobaki, akajaza kikombe kilekile. Munyoki akanyoosha mikono miwili.

"Ngoja," mama akasema.

Akatoka nacho hadi kwenye kizingiti, akakiinamisha. Hakuacha hata tone.

"Mulama," akasema, "huyu ni Munyoki. Anasema kidogo, lakini anakumbuka."

Kisha akachota kingine.

"Haya, kunywa. Na leo nataka jibu. Ikoje?"

Munyoki akanywa, akafumba jicho moja.

"Leo imechacha, mama."

Nilitaka ardhi inimeze. Jana ameshindwa kusema, leo ndipo anasema! Lakini mama alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Jioni mama alimsindikiza mwenyewe hadi njiani. Nilibaki mlangoni nikitoa nguo zangu sandukuni, moja moja, na sauti yake nikaisikia vizuri:

"Munyoki! Wiki ijayo uje tena. Uje na shangazi yako, na abebe kile kibuyu. Mulama hajawahi kuonja ya asali."